Daftari la Baba: Elimu ya Biashara na Urithi wa Mali ya Jamaa katika Masisi na Walikale

Historia ya Masisi na Walikale imeandikwa mara nyingi kwa kufuata ardhi, uraia na vita, wala hapana wa kulaumiwa kwa hilo, maana mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua nani abaki na nani ahame. Hata hivyo, ndani ya masimulizi hayo limejificha jambo jingine ambalo watafiti wamelipita kwa haraka. Katika wilaya hizi mbili za Kivu ya Kaskazini zilikuwako, na zingaliko, jamaa zenye mali ya kuendesha: malisho ya ng'ombe, duka, lori, kiwanda kidogo cha jibini, shamba la kahawa, shimo la kasiteriti. Kila kizazi, jamaa hizo zilipaswa kuamua ni mtoto yupi apelekwe kujifunza namna ya kuiendesha mali hiyo, apelekwe wapi, na akirudi akabidhiwe nini.

Makala haya yanaufuata uamuzi huo tangu enzi ya misafara hadi mwaka 2025. Jambo linalojitokeza ni kwamba elimu ya biashara haikutafutwa huku kwa kuwa biashara imekua. Ilitafutwa kwa kuwa mali ilikuwa imeanza kusimama juu ya karatasi: hati ya shamba, patanti ya duka, cheti cha uraia, hati ya madini. Na karatasi hizo zilibadilika upesi kuliko mtoto alivyoweza kumaliza masomo.

Masisi ni nchi ya vilima na baridi, yenye malisho yanayopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya Wahunde, na tangu karne ya ishirini ni nchi ya Wanyarwanda wengi pia. Walikale, upande wa magharibi, ni nchi ya msitu, ya Wanyanga, Wakano na Wakumu. Eneo lake linapita kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Mali ya Masisi hutembea kwa miguu yake yenyewe hata sokoni, ilhali mali ya Walikale imelala chini ya ardhi na hubebwa mgongoni. Tofauti hiyo ina uzito wake katika yatakayofuata.

Lugha ya Kiswahili iliingia pande hizi pamoja na biashara. Misafara ya Waungwana kutoka Manyema na Kisangani ilipenya msitu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikitafuta pembe na watu, na ikaacha nyuma yake maneno. Msomaji wa tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, atakumbuka jinsi mwenyewe anavyosimulia kuanza kazi: alikuwa na umri wa miaka 12, akifuatana na jamaa zake katika biashara ya sandarusi, akiwa na mzigo mdogo unaolingana na utoto wake, alipofika miaka 18 akasafiri na baba yake kwenda bara. Hiyo ndiyo shule ya biashara ya kale katika ulimwengu wa Waswahili. Mwanafunzi hakai darasani. Hufuata mgongo wa mkubwa wake, hupewa kidogo apoteze au azidishe, na mtihani wake ni kurudi nyumbani na bidhaa. Mtaji wenyewe ulitoka mbali, kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, waliokopesha bidhaa kwa kutazamia pembe. Kijana alipaswa kwanza kujifunza deni kabla ya kujifunza faida.

Maneno ya shule hiyo yangali hai. Hesabu, faida, hasara, deni, rasilimali na daftari yametoka katika Kiarabu. Karani, hundi na bima yametoka Bara Hindi. Yote yalikuwa yamekwisha kuwa Kiswahili kabla Mbelgiji hajafika Kivu. Kwa hiyo, anayedai kwamba uwekaji wa hesabu ulikuja Kivu kwa Kifaransa asahihishwe. Kilichokuja kwa Kifaransa ni daraka la serikali juu ya hesabu hizo.

Daraka hilo lilianza mapema. Sheria ya mwaka 1912 iliwataka wafanyabiashara katika Kongo ya Wabelgiji waweke vitabu vya hesabu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ijulikanayo kwa herufi CNK, ikapewa mamlaka makubwa juu ya ardhi ya jimbo kwa ajili ya walowezi. Mashamba ya kahawa, chai na pareto, na hatimaye malisho makubwa, yalihitaji wafanyakazi. Basi kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 Shirika la Uhamiaji wa Wanyarwanda (MIB) lilileta watu wanaokadiriwa kuwa 85,000, wengi wao wakatiwa Masisi. Upande wa Walikale na jirani zake, makampuni ya madini ya bati yalijenga kambi, maghala na ofisi.

Katika ofisi hizo ndimo Mwafrika alimokutana na hesabu za maandishi. Shule, zilizokuwa mikononi mwa wamisheni kwa ruzuku ya serikali, zilitoa makatekista, mafundi na makarani. Karani alijua kuandika kitabu cha ghala la mzungu kwa mwandiko mzuri kuliko mzungu mwenyewe, lakini elimu yake haikuwa na mahali pa kukaa nyumbani kwake. Ardhi ya baba yake ilikuwa ya mwami na ya ukoo, na hakukuwa na njia ya wazi ya kuiandikisha kwa jina la mtu mmoja: amri iliyowafungulia Wakongo mlango wa kumiliki ardhi na nyumba kibinafsi ilitoka mwaka 1953 tu, miaka saba kabla ya uhuru. Elimu ya karani ilikuwa ni elimu ya kutunza mali ya mwingine. Ugonjwa huu wa mwanzo haukupona kwa uhuru peke yake.

Baada ya mwaka 1960 walowezi wengi waliondoka au wakabaki kwa mashaka. Mtihani wa Taifa ulipoanzishwa mwaka 1967, masomo ya sekondari ya upande wa biashara na utawala yalikuwa mojawapo ya milango ambayo mtoto wa kijijini angeweza kupita na kutoka na cheti kinachotambulika nchi nzima. Lakini aliyetaka kupanda zaidi alikuta ngazi iko mbali. Mageuzi ya mwaka 1971 yaliunganisha vyuo vikuu vyote katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kitivo cha uchumi kikawekwa Kinshasa. Kijana wa Masisi au wa Walikale aliyechagua masomo hayo alivuka nchi yote kutoka mashariki hadi magharibi, akajifunza kwa Kifaransa, akaishi kwa Kilingala, na alipomaliza aliona ni jambo la kawaida kutafuta kazi katika wizara au benki ya mji mkuu. Baba aliyempeleka mwanawe kusoma ili aendeshe mali ya jamaa aliweza kwa urahisi kupata mwana wa serikali badala ya mrithi wa duka.

Wala haikuwa hasara mara zote, kwani huo ndio wakati ambapo mali yenyewe iligawiwa Kinshasa. Mwaka 1973 unastahili kutazamwa kwa utulivu, maana mambo matatu yalitokea humo. Januari ilitoka sheria ya biashara iliyohifadhi sehemu ya shughuli, hasa uuzaji wa rejareja, kwa wananchi wa Zaire. Julai ilitoka sheria ya mali iliyotangaza kwamba ardhi yote ni ya serikali. Ardhi za mila ziliachiwa amri ya Rais ambayo ingezipangia utaratibu, na miongo ilipita bila amri hiyo kutolewa. Tarehe 30 Novemba, Mobutu akatangaza kwamba mashamba, malisho, maduka na viwanda vidogo vya wageni vitakabidhiwa kwa Wazaire. Hatua hiyo iliitwa Zairinisho, na waliopewa mali wakaitwa kwa Kifaransa «wapokeaji».

Matokeo yake yameelezwa na wengi, akiwemo Michael Schatzberg aliyechunguza mji wa Lisala, na Crawford Young pamoja na Thomas Turner walioandika juu ya dola la Zaire kwa jumla. Waliopewa walikuwa mara nyingi watu wa siasa na utawala. Wako waliouza bidhaa zilizokuwamo dukani wakasahau kuagiza nyingine. Wako waliochukua fedha za kasha kama mshahara. Wako waliochinja ng'ombe wa mbegu. Bidhaa zikaadimika. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ikaanza kuzitwaa baadhi ya mali hizo yenyewe, na mwaka 1976 ikawaita wageni warudi wachukue sehemu ya kile walichonyang'anywa. Ni desturi kulieleza anguko hilo kwa neno ulafi. Ulafi ulikuwako, lakini hautoshi kuwa maelezo. Duka lililokabidhiwa lilikuwa na wadai, waagizaji, mikopo ya benki na hesabu za bidhaa, na aliyelipokea alikabidhiwa funguo bila kukabidhiwa mahusiano hayo. Kile ambacho kijana wa msafara alijifunza tangu miaka 12, yaani kwamba bidhaa iliyo mbele ya macho ni deni la mtu aliye mbali, hakuna aliyekifundisha mwaka 1973. Si bure kwamba Julai 1976, mwaka ule ule wa kurudisha mali, ilitoka sheria ya kusanifisha hesabu za biashara nchini na mpango wake wa hesabu, uliofundishwa mashuleni kwa zaidi ya miongo mitatu.

Masisi ilipata sura yake ya pekee katika mambo haya. Malisho makubwa ya walowezi yalipita katika mikono ya watu wenye njia ya kufika mji mkuu. Anayetajwa zaidi ni Barthélemy Bisengimana Rwema, mkurugenzi wa ofisi ya Rais tangu 1969 hadi 1977, aliyepata malisho ya Osso. Mwanahistoria Stanislas Bucyalimwe Mararo, katika tasnifu yake ya mwaka 1990 juu ya migogoro ya ardhi ya Masisi, anaonyesha jinsi siasa ya ardhi ya Wabelgiji ilivyorithiwa na kuendelezwa hadi miaka ya 1980. Mkulima wa Kihunde au wa Kinyarwanda aliyekuwa na vilima viwili vitatu kwa idhini ya mwami aligundua kwamba kilima hicho kina hati, na hati iko kwa mtu asiyemjua.

Hapo ndipo ilipozaliwa thamani mpya ya mtoto anayesoma karatasi. Lakini karatasi moja iliiharibu nyingine. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 iliwatambua kuwa Wazaire watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu kabla ya mwaka 1950; sheria ya Juni 1981 ikaifuta. Msomaji akumbuke sheria ya biashara ya Januari 1973: mwenye duka aliyekuwa mwananchi jana, leo, kwa mujibu wa maandishi, hakuwa na haki ya kuuza sukari rejareja. Hakuna somo la uhasibu linaloweza kumwandaa mrithi kwa jambo hilo. Hapana shaka ndiyo sababu jamaa nyingi zenye uwezo zilitawanya watoto wao kama mtu anayetawanya mayai katika vikapu: mmoja siasa, mmoja sheria, mmoja biashara, na mmoja akabaki na ng'ombe.

Aliyebaki na ng'ombe hakuonwa kuwa mjinga. Mwezi Desemba 1979 serikali ilifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, na wenye fedha nyingi nyumbani walishindwa kuzibadilisha zote. Katika miaka ya 1990 ya mwanzo, mfumuko wa bei ulifikia maelfu ya asilimia kwa mwaka. Mwanafunzi wa biashara alifundishwa kuandika bei ya ununuzi katika mizania na kuilinganisha na mauzo ya mwisho wa mwaka. Kufika mwisho wa mwaka, tarakimu zile hazikuwa na maana yoyote. Mzee asiyejua kusoma, aliyehesabu mali yake kwa mitamba na ndama, alikuwa na kipimo kilicho imara kuliko zaire. Ubishi kati ya mwana mwenye diploma na baba mwenye fimbo, ambao watu hupenda kuusimulia kama ubishi wa maendeleo na ukale, wakati huo ulikuwa na haki pande zote mbili.

Ubishi wenyewe, hata hivyo, ulihusu zaidi kasha la fedha kuliko kipimo. Kanuni ya kwanza ya somo la hesabu ni kwamba mali ya duka si mali ya mwenye duka. Akichukua chumvi rafuni, aandike. Katika nyumba yenye baba, baba wadogo, shangazi na wapwa, kanuni hiyo ni ngumu kuliko hesabu zote. Mjomba akija na maombi ya karo au ya sanda, duka ndilo linalotoa. Kijana anayeandika utoaji huo katika daftari huonekana anawadai wakubwa wake. Asipouandika, elimu yake haina kazi. Si kwamba wazee hawakujua kutenganisha. Likelemba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, hutenganisha fedha ya mtu na fedha ya chama kwa ukali ambao benki ingeuonea wivu, na hufanya hivyo bila kitabu. Lakini likelemba ni mkataba wa rika, na jamaa ni mkataba wa damu. Chuo kilifundisha namna ya kuandika hesabu, na hakikufundisha namna ya kumwambia baba mdogo kwamba imeandikwa.

Lugha nayo ilizidisha umbali. Somo lilifundishwa kwa Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mauzo yalifanywa kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kihunde au Kinyanga. Hivyo katika Kiswahili cha Kivu yakaishi maneno ya tabaka mbili. Mama muuzaji husema faida, deni na hasara. Mwana aliyetoka chuo husema kontabilite, fakitire na komande. Na daftari lenyewe huitwa kaye. Maneno uhasibu na mizania, yaliyosanifiwa pwani, mara nyingi hayakuvuka ziwa Tanganyika. Isidhaniwe kwamba pwani ilikuwa imekwisha kulitatua jambo hili: Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1965, nacho kilifundisha kwa lugha ya kigeni. Tofauti ni kwamba msamiati uliandaliwa, hata kama ulikaa kabatini.

Kuna mrithi mmoja ambaye masimulizi humsahau. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliwapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, bila kubagua wa kike na wa kiume. Robo iliyobaki iliwaendea mjane, wazazi na ndugu. Kwa maandishi, binti wa mwenye duka akawa mwenye duka. Lakini sheria hiyo hiyo ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Basi binti aliyesoma biashara, akarithi haki yake kwa baba, hakuweza kuweka sahihi juu ya haki hiyo bila mume, na jamaa yake iliogopa, kwa sababu zinazoeleweka, kwamba mali ingefuata sahihi. Kifungu hicho kiliondolewa na marekebisho ya mwaka 2016. Kwa miaka 29, kumpeleka binti kusoma hesabu kulikuwa ni kumwandaa kuendesha mali ya jamaa nyingine. Hata hivyo Janet MacGaffey, aliyechapisha mwaka 1987 utafiti wake juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, aliwakuta wanawake waliokuwa wakiendesha biashara zao wenyewe kwa ustadi. Sheria ilikuwa nyuma ya soko, kama ilivyo kawaida yake.

Ngazi ya elimu ya juu ilikuja karibu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati serikali ilipokuwa inadhoofika na makanisa kuchukua nafasi yake. Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL) kilianzishwa Goma mwaka 1985. Mwaka 1989 vilifuata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben huko Butembo, kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Mwaka 1993 Goma ikapata tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, lililojitegemea baadaye, mwaka 2004, kwa jina la Chuo Kikuu cha Goma. Taasisi ya Juu ya Biashara nayo ikawako mjini humo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Masisi aliweza kusoma biashara na kurudi nyumbani siku ya soko.

Na siku ya soko ndiyo iliyoharibika. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto wilayani Walikale, Wanyarwanda walishambuliwa na wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga. Mauaji yakaenea Masisi, yakajibiwa kwa mauaji, na maelfu ya watu wakafa kabla ya mwaka kwisha. Soko ni mahali ambapo watu wasiopendana hukutana kwa sababu ya bei. Kuanza kwa vita hapo kulimaanisha kwamba mkopo kati ya jirani na jirani umekatika, na mkopo huo ndio ulikuwa benki ya vilima. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu. Kufikia mwaka 1996 sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Masisi walikuwa wameibwa au kuchinjwa. Vijana walioingia vyuoni ili waje waendeshe malisho walimaliza masomo yao malisho yakiwa matupu.

Ndipo Walikale ilipochukua zamu. Kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya madini, ilijeruhiwa na anguko la bei ya bati la mwaka 1985 na haikuvuka miaka ya 1990. Kilima cha Bisie kilipogunduliwa kuwa na kasiteriti, yapata mwaka 2002, hakukuwa na kampuni ya kukisimamia. Wachimbaji waliingia kwa maelfu. Mizigo ikatoka msituni mgongoni mwa wapagazi, ikapandishwa ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara huko Kilambo, ikafika kwenye kontwari za Goma. Mwenye shimo aliitwa PDG, cheo cha mkuu wa kampuni kwa Kifaransa, ingawa kampuni haikuwako. Kontwari zilimkopesha negosia, negosia akamkopesha PDG, naye akawalisha wachimbaji kwa kutazamia mawe. Mtindo huo Taria Topan angeutambua bila kuelezwa.

Bisie inatoa mfano mwangavu kuliko yote wa kile kinachojadiliwa hapa. Kampuni mbili zilikishindania kilima. Moja, Mining Processing Congo (MPC), ilipata mwaka 2006 hati ya utafiti kutoka Daftari la Madini la Kinshasa, kwa mujibu wa sheria ya madini ya mwaka 2002. Ya pili, Groupe Minier Bangandula (GMB), ilibeba jina la jamaa ya wenyeji walioidai ardhi hiyo kwa mila. Jina la ukoo katika kichwa cha kampuni: ndilo jambo ambalo karani wa mwaka 1940 asingeweza kuliota. Lakini mbele ya sheria, ardhi ya mila ilikuwa ingali inaingoja amri ya Rais iliyoahidiwa mwaka 1973, na hati ya MPC ilikuwa imekwisha kupigwa mhuri. MPC ilipita katika mikono ya Alphamin, na mwaka 2019 mgodi wa kisasa ukaanza kuuza bati. Jamaa yenye jina na kilima ilihitaji msomi wa sheria za madini na wa hesabu za kampuni miaka mingi kabla ya kumpata mteja wa kwanza.

Karatasi ziliendelea kuongezeka. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyowadai wanunuzi wa madini ya Kongo waeleze yanakotoka. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu na Maniema hadi Machi 2011. Baadaye zikaja lebo za kufungwa juu ya kila gunia. Negosia wa Walikale aliyekuwa akikumbuka madeni yake kichwani alilazimika kuyafanya yaonekane. Masisi, mfugaji na mwanasiasa Édouard Mwangachuchu, aliyepoteza ng'ombe wake na kukimbilia Marekani mwaka 1996, alikuwa amerudi na kuanza kununua na kuchimba koltani kwa kampuni iliyobeba herufi za jina lake, MHI, ambayo baadaye iliitwa Société Minière de Bisunzu. Mwaka 2013 kampuni hiyo, yenye hati, ilitia sahihi mapatano na ushirika wa wachimbaji, Cooperamma, juu ya madini ya Rubaya. Kutoka malisho hadi mgodi, hadi mkataba wa maandishi na watu waliokuwa tayari shimoni: safari hiyo ya miaka isiyozidi 20 ndiyo mtaala ambao hakuna chuo kilichoufundisha.

Yaliyotokea karibuni yanajulikana. Rubaya ilitekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi kati Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Benki za Goma zikafunga milango. Mwezi Machi mji wa Walikale ukashikwa kwa wiki chache na mgodi wa Bisie ukasimama hadi Aprili. Fedha zilizoandikwa vizuri katika hesabu za benki hazikuweza kutolewa, na zilizokuwa katika kasha la nyumbani zilitegemea nani amebisha hodi.

Yafaa kutaja sheria moja zaidi, kwa kuwa inarudisha habari hii ilikoanzia. Kongo ilijiunga na umoja wa sheria za biashara wa OHADA, na sheria zake zikaanza kutumika nchini Septemba 2012, miaka 100 baada ya sheria ile ya vitabu vya hesabu. Umoja huo una daraja la mfanyabiashara mdogo ambaye hatakiwi kuandikishwa katika daftari la biashara, wala hadaiwi mizania kamili. Anatakiwa kuwa na kitabu kimoja, aandike humo siku kwa siku fedha iliyoingia na ilikotoka, iliyotoka na ilikokwenda, na akitenganishe kilicholipwa taslimu na kilicholipwa kwa njia nyingine. Ni kaye ya baba, isipokuwa kwamba sasa ni lazima. Kitabu hicho, yasema sheria, kitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano; haikusema kitunzwe wapi iwapo jamaa imehama.